Sampuli Zilikusanywa na Nani?

Siku ya kwanza tulipojitambulisha kwenye jumuiya ndogondogo hapa Mtwara mjini, mzee mmoja alituuliza kazi yetu. Tulijibu kwamba tunafanya kazi ya samaki. "Mnavua?" Hapana, mzee wetu, tunawahesabu. Akatafakari kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Na mkishawahesabu, hesabu hiyo mnampa nani?" Watu walicheka, nasi tukacheka, rozari ikaanza. Lakini swali lile lilirudi nasi nyumbani. Kutoa hesabu ni kusema idadi, na ndicho pia alichotakiwa kufanya yule wakili wa kwenye Injili bwana wake alipomwita.

Sisi ni wachache, watu wa maabara na wa ufukweni, tuliosomeshwa sayansi ya bahari kwa fedha za wengine, na Jumapili tunakaa benchi moja nanyi. Tumeombwa kuandika kuhusu imani na elimu. Wenzetu wengine wameshaandika vizuri kuhusu uumbaji na umri wa dunia. Mambo hayo hayatunyimi usingizi. Kinachotunyima usingizi ni kitu kidogo zaidi, nacho ni namna sisi wasomi tunavyoandika. Basi mturuhusu tuichambue makala ya kisayansi kama mhakiki anavyochambua utenzi: ina uzuri gani, na inaficha nini.

Wengi wenu hamjawahi kusoma hata moja, na kosa si lenu. Karibu zote huandikwa kwa Kiingereza, nyingi hutoka katika majarida ya nje ambayo hata sisi hatuwezi kuyanunua. Umbo lake ni lile lile kila mara. Juu kuna kichwa na majina ya waandishi. Kisha muhtasari, utangulizi, njia zilizotumika, matokeo, mjadala. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, kuna shukrani.

Tuseme kwanza lililo jema, maana tunaipenda kazi hii. Makala nzuri ya kisayansi ina nidhamu inayofanana na ya mtu anayeungama. Huruhusiwi kusema tu kwamba umeona. Lazima useme ulipima kwa nini, mara ngapi, siku gani, na una shaka kiasi gani. Unamwachia mwenzako mlango wazi aje akague. Tunazijua mimbari ambazo zingefaidika na desturi hiyo. Na pwani yetu inastahili kuandikwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki unaigonga Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, na hapo unagawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kaskazini likipita Mtwara, Kilwa, Mafia, hadi Kenya. Vichanga vya matumbawe na vya samaki husafiri na maji hayo. Kwa hiyo kinachotokea kwenye miamba ya Msimbati kinaweza kufika kwenye sufuria ya mtu wa mbali sana. Ni mojawapo ya sababu za eneo hili kutangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, mikoko, visiwa na vijiji.

Sasa tuje kwenye sentensi moja. Katika sehemu ya njia zilizotumika, kila makala ya fani yetu ina sentensi inayosema kwamba sampuli zilikusanywa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inasimama vizuri kwa miguu yake, wala hakuna anayeishtukia. Tulifundishwa kuandika hivyo mwaka wa kwanza chuoni, kwamba mtu asionekane, kazi ionekane. Lakini itafsiri kwa Kiswahili uisome kwa sauti barazani, na mtu mmoja lazima atauliza: zilikusanywa na nani? Lugha yetu inakiachia kitenzi cha namna hiyo nafasi mkiani, na nafasi ile ikikaa wazi, sikio linaijua.

Tuwaambie basi zilikusanywa na nani, angalau katika kazi moja ambayo majina yetu yapo juu yake.

Tulikwenda Msimbati kuchunguza pweza. Mtu mgeni mwenye daftari akishuka kwenye gari pale, huulizwa jambo moja kabla ya salamu kuisha: "Gesi au hifadhi?" Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu siku hizo wataalamu wamekuja kwa makundi na mashine, ramani na ahadi. Machafuko ya Mtwara ya mwaka 2013, wakati wa mjadala wa bomba la kwenda Dar es Salaam, bado yako katika kumbukumbu za watu. Hifadhi nayo ina doria zake na makatazo yake. Tulipojibu kwamba sisi ni pweza tu, watu waliona afadhali.

Aliyetupokea miambani alikuwa bibi mmoja mchokoaji. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatutazama viatu, akacheka. Kwa misimu kadhaa, kila bamvua, alitembea mbele yetu na fimbo yake huku maji yakirudi nyuma, na sisi tukimfuata na mizani na rula. Sisi tulikuwa tunaona jiwe. Yeye alikuwa anaona nyumba. Alituonyesha tundu lililozibwa kwa vijiwe mlangoni, akatuzuia kuingiza mkono: humo, alisema, mna jike analinda mayai, hali chakula, atakonda hivyo hivyo mpaka mayai yaanguliwe, kisha atakufa. Ni kweli, na vitabu vinasema hivyo hivyo. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na zaidi kidogo, jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda, na hufa. Tofauti ni kwamba sisi tulilijua jambo hilo kwa mtihani, na yeye alilijua kwa kumwacha yule jike siku ambayo nyumbani hakukuwa na mboga.

Pweza wote tuliowapima, karibu wote, alituletea yeye na wenzake. Ndoo aliishika yeye. Majina ya sehemu za mwamba alitupa yeye. Siku ya mwisho aliuliza: "Mwanangu, mkimaliza mtatuletea na sisi karatasi yetu?" Tukasema ndiyo, bibi, bila shaka.

Makala ilichapishwa. Juu yake pana majina matano. Mmoja wa wenye majina hayo hajawahi kukanyaga mchanga wa Msimbati. Jina lake liliwekwa kwa sababu ya cheo chake, na sisi tulikubali kwa sababu tulihitaji saini yake kwa jambo jingine. Bibi yuko katika shukrani, kwa herufi ndogo, ndani ya maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha wavuvi wenyeji. Hata hapo amekaa baada ya wafadhili. Karatasi hatukuipeleka.

Msomaji atauliza ni kwa nini. Hatukuwa wezi wa makusudi. Maisha ya chuo yana hesabu zake. Anayepanda ngazi kutoka mhadhiri msaidizi kwenda juu hupimwa kwa machapisho, na machapisho hupimwa kwa jarida na kwa nafasi ya jina lako katika orodha. Safari ya kurudi kijijini kusoma matokeo haihesabiwi popote. Fedha za utafiti zina mstari wa mafuta ya gari, mstari wa kemikali, mstari wa posho. Mstari wa kurudi huwa umekatwa katika rasimu ya pili. Badala yake hufanyika semina ya wadau hotelini, penye chai ya saa nne na picha ya pamoja, na mdau wa pwani anayealikwa huwa ni yule mwenye simu inayopatikana. Tumehudhuria semina nyingi za aina hiyo. Vitafunwa huwa vizuri.

Lakini kueleza sababu si kutubu. Kila Jumapili tunaungama hadharani, pamoja na mawazo, maneno na matendo yetu, yale tuliyopaswa kuyafanya tukayaacha. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kusema maneno hayo miaka ishirini akifikiria sadaka na wagonjwa ambao hakuwatembelea, bila kufikiria hata mara moja makala yake mwenyewe.

Tuilinganishe na maandishi mengine. Waraka wa Paulo kwa Warumi ni kazi nzito kuliko yoyote tutakayoandika sisi, na wataalamu wanakesha juu yake hadi leo. Hoja yake inapanda kwa sura kumi na tano. Kisha inakuja sura ya kumi na sita, ambayo kwa kawaida wasomaji wetu kanisani huiogopa kwa sababu ya majina. Ni orodha ya salamu. Yupo Fibi wa Kenkrea, aliyewasaidia wengi na Paulo mwenyewe. Wapo Priska na Akila waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake. Yupo mama yake Rufo, ambaye Paulo anakiri alikuwa mama kwake pia. Katikati ya salamu, Tertio, mtu aliyeshika kalamu, anajitokeza na kuwasalimu Warumi kwa jina lake mwenyewe. Mwandishi wa kuandikiwa maneno anaachiwa mstari! Kwa mkono wa mhariri wa jarida lolote la siku hizi, Tertio angekatwa.

Hatusemi kwamba Paulo alikuwa anagawa sifa. Alikuwa anawaambia Warumi kwamba habari hii imepita kwenye mikono ya watu, na watu wenyewe ndio hawa, mkitaka, waulizeni. Orodha ile ni sehemu ya ushahidi. Ndiyo maana tunaona kosa letu ni zaidi ya utovu wa adabu. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikiukwi kwa kusema lisilokuwapo tu. Anayesema ameona, kumbe ameonyeshwa, ushuhuda wake una pengo.

Desturi hii hatukuianzisha sisi, na majirani zetu wa Lindi wanajua mzizi wake. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru. Kusini ilikuwa bado inauguza njaa na vifo vya Vita vya Maji Maji. Mamia ya watu walichimba, wakasafisha, wakafunga, na wakabeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilipelekwa Berlin. Mjusi mkubwa kuliko wote aliunganishwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho mwaka 1937. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na hadi leo watu hulipa kiingilio kumtazama.

Tazameni majina aliyopewa. Mnyama mpya, kwa kanuni ya sayansi, hupewa jina la Kilatini na yule anayemwandika kwanza. Mwaka 1914 Werner Janensch alimpa mjusi huyo mkubwa jina la Branca, mkuu wa taasisi yake kule Berlin, ambaye hakuwamo kwenye mashimo. Mwaka 1919 mjusi mwingine wa Tendaguru, mdogo zaidi, aliitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck. Huyo ni jemadari aliyepigana vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika nchi hii, vita ambavyo maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa humo kwa njaa na maradhi, na mojawapo ya mapigano yake makali kuliko yote lilikuwa Mahiwa, si mbali na tunapokaa. Mjusi aliyechimbwa Lindi kwa jembe la mtu wa Lindi akabeba jina la mtu aliyeipitisha vita Lindi. Makala zilizoandika majina hayo ni sahihi kwa vipimo. Mifupa imepimwa vizuri sana.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wajerumani walimjua, walimtegemea, walimtaja katika simulizi zao za safari. Jina lake liliingia katika jina la mjusi mwaka 2007, miaka 93 baada ya lile la Branca. Mwaka 2019 mwingine alipewa jina lenye Wamwera ndani yake, pamoja na jina la Mohammadi Keranje, aliyeongoza kikosi kilichomchimba mjusi huyo. Tunashukuru kwamba sayansi inaweza kurudi nyuma ikajisahihisha; hilo ndilo jambo zuri tulilolisifu mwanzo. Ila waliostahili kulisikia jina hilo likisomwa walikuwa wameshazikwa.

Rafiki yetu mmoja, padre, alipoisoma rasimu hii alitupinga kwa hoja mbili, nazo ni za kweli. Alisema Maandiko nayo yana wasio na majina: mtoto mwenye mikate mitano, mwanamke Msamaria kisimani. Pia alitukumbusha kwamba Bwana alifundisha kutoa bila kupiga tarumbeta, na huenda bibi wa Msimbati hataki tarumbeta. Tukaongeza sisi wenyewe hoja ya tatu, kwa sababu tunaijua kutoka kazini. Mtu akikwambia ni nani anayepiga baruti baharini, jina lake lazima ulifiche, na ukilitoa umemuua. Kuna jina linalofichwa kwa upendo.

Jibu letu ni dogo. Msamaria hana jina, lakini Yohana hakudai kwamba yeye ndiye aliyechota maji. Na unyenyekevu ni wa mwenye kutoa. Mimi nisipotaka kutajwa, huo ni unyenyekevu wangu; wewe usiponitaja bila kuniuliza, huo hauwezi kuwa wangu. Bibi hatukumwuliza.

Tusionekane kama tunailaani kazi nzima. Kilomita chache kutoka mjini, Naliendele, kuna kituo cha utafiti ambacho kila mkulima wa korosho Kusini anakijua. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi karibu 16,500. Waliosoma uchumi walitaja bei. Waliosoma jamii walitaja watu kuhamishiwa vijijini na mashamba kubaki mbali porini. Wa magonjwa ya mimea walitaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, uliotambuliwa hapa mwaka 1979. Kila mmoja alikuwa na makala yake, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli. Lakini kazi ya Naliendele ilipaswa kuhakikiwa na mtu ambaye hasomi majarida. Unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati, maua yanashika au hayashiki. Mche bora unazaa au hauzai. Mkulima anasimama chini ya mkorosho wake na kutoa hukumu ambayo hakuna mhariri anayeweza kuipindua. Watafiti wa bahari hatuna mkorosho. Mhakiki wetu ni watu wawili wasiojulikana, aghalabu wa nchi ya mbali, ambao hawajui kusi inavyovuma Msimbati mwezi wa saba.

Na hapo ndipo tulipoumbuka.

Mwaka huu, baada ya swali la yule mzee kutukaa muda mrefu, tuliifasiri makala yetu kwa Kiswahili tukaipeleka. Tulisoma chini ya mwembe, karibu na mahali tunapoegesha gari siku zote. Walikuja wanawake, wazee wachache, na watoto waliotoka shule. Wengi wao ni Waislamu, kwa hiyo tulisubiri swala ya alasiri iishe. Tuliposoma kwamba sampuli zilikusanywa, kijana mmoja alisema kwa sauti: "Na nani?" Kicheko kikubwa. Bibi hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu ya shamba.

Tulipofika kwenye matokeo, tukasoma kwamba pweza hupungua sana miezi ya kusi, na kwamba, kwa maoni yetu, huenda wanahamia maji ya kina au idadi yao inashuka. Grafu yake ni nzuri. Mstari unashuka kama ngazi. Bibi aliinua mkono.

"Wanangu, hapo mmekosea. Miezi ya kusi mawimbi ni makubwa, hatuendi ule mwamba wa nje. Tunaokota huku ndani tu, kwenye nyasi. Pweza wapo. Tusiokuwapo ni sisi."

Wakati wa utafiti tulikuwa tumemwuliza kila kitu tulichokuwa tumekiandika kwenye dodoso. Hili halikuwamo kwenye dodoso. Angekuwa mmoja wa waandishi, au angesomewa rasimu mara moja tu, mstari ule usingechapishwa. Sasa upo. Kuna ripoti ambayo tayari imeutumia kama ushahidi wa msimu wa kufunga uvuvi, na msimu ukifungwa kwa sababu ya mstari ule, atakayekosa mboga ni yeye.

Tumeandika barua ya masahihisho kwa jarida. Tulirudi Msimbati kumwomba ruhusa ya kuweka jina lake juu ya barua hiyo, pamoja na yetu. Aliuliza barua itasomwa na nani. Tukamweleza: wasomi, watu wa hifadhi, labda watu wa wizara. Akanyamaza. Mwanawe aliwahi kukamatwa na doria, akasema, na hajui kama ni vizuri jina la nyumba yake kuonekana huko. Atazungumza naye akirudi kutoka baharini, kisha atatuambia. Barua bado iko kwetu, tunamsubiri.